Mbuzi Akivuka Daraja

(Maneno niliyosema mbele ya wafugaji wa Kentucky na kusini mwa Indiana, kuhusu karatasi za kuvusha mifugo kutoka jimbo hadi jimbo huku Marekani, nikayaandika baadaye kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, habari za jioni. Ndugu wa Uvira na Fizi, jambo sana. Wa Burundi, amahoro. Mchungaji wa kanisa ameniwekea saa hapa mbele kabisa, maana anajua mtu wa mifugo akianza kusema habari za mbuzi hamalizi.

Naanza na daraja. Ukitoka hapa Louisville unauvuka mto Ohio dakika mbili tatu tu, umeshafika Jeffersonville. Wengi wenu mnavuka usiku kwenda kwenye maghala na mnarudi asubuhi. Hakuna geti, hakuna askari, hakuna wa kukuuliza umebeba nini. Kuna bango la kukukaribisha Indiana, basi. Jambo moja la kuchekesha: mto wenyewe karibu wote ni wa Kentucky. Mpaka haupo katikati ya maji kama mnavyodhani, upo kule ukingoni upande wa Indiana, pale maji yalipokuwa yakiishia wakati wa kupungua mwaka 1792. Mahakama Kuu ya Marekani imeshaamua kesi za mpaka huo. Kwa hiyo ukiwa na mbuzi wanne nyuma ya pikapu unatoka Indiana, bado hujaupita ukingo vizuri tayari umeingia jimbo jingine na sheria yake nyingine, na wewe unajiona uko njiani tu.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nawaambia ukweli na aibu naimeza mwenyewe.

Kasulu nilikuwa afisa mifugo miaka sita. Nilikaa mezani nikiandika vibali vya kusafirisha mifugo, ng'ombe wa watu wakinisubiri juani, na mfanyabiashara akija bila karatasi nilimrudisha bila huruma. Nikaja hapa. Mwaka wa pili nikakodi kipande cha shamba, nikawa na mbuzi kumi na mmoja. Nikaona tangazo la majike watatu wa Boer, wale mbuzi wa nyama, ng'ambo ya mto, bei ya kutupa. Nikaenda. Muuzaji mzee mpole, hata kupakia alinisaidia. Nilipouliza karatasi alicheka, akasema ni hapo tu ng'ambo. Na mimi, mtu wa vibali, nikacheka naye. Nikapakia.

Haikupita wiki mbili. Jike mmoja akaanza kutoka magaga kwenye pembe za mdomo, meusi, magumu, kama ugali ulioungua sufuriani. Nikadhani ni miiba. Wiki iliyofuata watoto wote saba wa mbuzi wangu wa zamani wana vidonda midomoni. Mtoto akienda kunyonya, mdomo unamuuma, anaacha. Akijikaza akanyonya, anamwambukiza mama kwenye chuchu, na mama naye anampiga teke. Nikawa nakamua na kuwanywesha kwa chupa mmoja mmoja, alfajiri kabla ya zamu na usiku baada ya zamu. Wawili walikufa.

Halafu kidole gumba hiki. Mnakiona? Kuna kovu hapa. Nilikuwa nafungua midomo yao bila glovu, kwa kiburi cha utaalamu. Kikavimba kama zabibu, chekundu pembeni, cheupe katikati. Daktari wa watu akaniuliza kama nimeumwa na buibui. Nikamwambia hapana daktari, nimeumwa na ujinga. Kilichukua wiki sita kupona, kwa sababu virusi vile vya vidonda vya midomo vya mbuzi na kondoo vinaingia kwa binadamu pia kupitia mchubuko mdogo tu.

Nikampigia yule mzee. Simu haipokelewi. Sikuwa na jina lake kamili, wala namba za masikio ya wale mbuzi, wala tarehe kwenye karatasi yoyote. Kilichoniuma zaidi nimekuja kukijua baadaye: kulikuwa na wanunuzi wengine siku ileile. Hakuna aliyeweza kuwaambia chungeni, maana hakuna aliyejua ni kina nani.

Basi tuje kwenye karatasi zenyewe. Ziko mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni cheti cha afya ya mifugo, ambacho hapa kila mtu anakiita kwa herufi zake tatu, CVI. Anakitoa daktari wa mifugo, na si daktari yeyote, ni yule aliyeidhinishwa na serikali ya shirikisho kwa kazi hiyo. Muulize kabla hajaja: wewe una idhini? Anawatazama wanyama, anasoma masikio, anaandika ni wangapi, aina gani, jinsia, umri, wanatoka kwa nani na shamba gani, wanakwenda kwa nani na shamba gani, na wanakwenda kufanya nini: kuzalisha, kuuzwa, kuonyeshwa, kuchinjwa. Kama kuna kipimo kinachotakiwa, matokeo yanaingia humo. Siku hizi wengi wanaandika kwenye kompyuta, nakala inakwenda kwa jimbo unalotoka na kwa jimbo unalokwenda. Majimbo mengi yanakipa cheti siku 30. Ukilaza mbuzi mwezi mzima ukimsubiri shemeji aje na trela, cheti kimekufa, unalipa upya.

Msije mkadhani cheti ni dhamana. Daktari anachosema ni kwamba siku ile, kwa macho yake, hakuona dalili ya ugonjwa wa kuambukiza. Mbuzi anaweza kuwa amebeba kitu ambacho bado hakijajitokeza. Sitaki mtu aje kwangu na cheti mkononi na mbuzi mgonjwa, akaniambia nilimdanganya. Mgeni akija, hata awe na cheti kinachong'aa, mtenge peke yake wiki tatu au nne, ndoo yake ya maji mbali na ya wengine.

Ya pili ni kibali. Si kila safari inakihitaji. Hiki ni ruhusa ya jimbo lenyewe, na mara nyingi ni namba tu ambayo daktari wako anaipata kwa simu au kwa mtandao kabla hujaondoka, anaiandika juu ya cheti. Hapa ndipo sisi wa Kigoma tunakosea. Kule nyumbani kibali unakiomba unakotoka. Mimi niliandika cha kutoka Kasulu, mnyama akaenda alikoenda. Huku mwenye neno ni jimbo unalokwenda. Ukiwa Kentucky na mbuzi wanakwenda Tennessee, kanuni za kutimiza ni za Nashville, makao makuu ya Tennessee, si za Frankfort, makao makuu ya Kentucky. Ukiwaleta kutoka Indiana, ni Frankfort inayosema. Na majimbo yako 50, kila moja na kitabu chake. Hili linachosha, nakubaliana nanyi kabisa, na sioni kwa nini mbuzi yuleyule awe salama kwa masharti haya hapa na kwa masharti mengine umbali wa kilomita 50. Lakini ndivyo nchi hii ilivyojengwa, na mbuzi wako si wa kuanzia mapambano hayo.

Kila jimbo lina ofisi ya daktari mkuu wa mifugo. Unapiga simu, unasema una nini, unatoka wapi, unakwenda wapi, kufanya nini, wanakusomea masharti. Ni bure. Hawaulizi habari za uhamiaji wako, naona wengine mnatazamana. Wanauliza habari za mbuzi.

Sasa habari ya ndafu. Najua ndiyo mliyokuja kusikia.

Kijana anaoa Indianapolis, mjomba wake yuko hapa ana mbuzi. Mjomba anasema nitaleta wanne, wa kuchinjwa tu, cheti cha nini? Nimesikia wanyama wa kuchinjwa hawahitaji. Ni kweli nusu. Sheria inalegeza kwa mnyama anayekwenda moja kwa moja machinjioni, na machinjio inayozungumziwa ni ile iliyo chini ya ukaguzi wa serikali ya shirikisho au ya jimbo. Nyuma ya nyumba ya shemeji, chini ya mti, na jiko la mkaa pembeni, hapo sheria haipaiti machinjio, hata kama mkono wa mchinjaji ni safi kuliko wa kiwandani. Kwa hiyo yule mbuzi wa arusi anahesabika kama mbuzi mwingine yeyote anayehama. Wanatazama pia umri wake na kama amehasiwa. Mdogo aliyehasiwa amelegezewa mengi, hasa upande wa hereni, kile kibandiko cha namba sikioni. Jike wa kuzalisha hajalegezewa. Ushauri wangu kwa mjomba ni rahisi: mbuzi wa arusi ya Indianapolis nunua Indiana. Utakula nyama ileile na hutalipa daktari.

Hereni. Hapa naomba mnivumilie, ndipo penye uzito.

Kuna ugonjwa wa kondoo na mbuzi unaoitwa skrepi. Hautokani na bakteria wala virusi, ni protini iliyopinda ubongoni na kuzipindisha nyingine. Uko ukoo mmoja na ule wa ng'ombe vichaa wa Uingereza. Kondoo anajikuna kwenye uzio mpaka manyoya yanatoka, anakonda huku anakula, anatembea kama amelewa, anakufa. Hauna dawa, hauna chanjo. Uliingia Marekani, ukaonekana kwanza Michigan mwaka 1947, na toka 1952 wanapambana nao. Unaambukiza zaidi wakati wa kuzaa, kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi, na mtoto ndiye anayeubeba. Halafu unakaa kimya. Mara nyingi miaka miwili hadi mitano. Kitoto kizuri ulichonunua leo, kinaruka ruka, daktari kakikagua kikapita, kinaweza kuanza kujikuna mwaka wa tatu, kikiwa kimeshazaa mara mbili na watoto wake umeshauza Ohio na Tennessee.

Jicho la daktari halina la kufanya hapo. Kinachofanya kazi ni ile namba sikioni. Hereni rasmi ina alama ya ngao ya Marekani na namba ya kundi lako. Mbuzi akikutwa na skrepi machinjioni, wanasoma sikio, wanarudi kwenye cheti, wanajua alipita kwa nani, alizaliwa wapi, ndugu zake wako wapi. Wanakwenda kwenye mashamba hayo na kuyaacha mengine. Bila namba wafanyeje? Hawana pa kuanzia, na ugonjwa unaendelea kimya.

Mimi Kasulu kibali nilikiona kama ushuru na ruhusa ya kupita. Sikuwahi, nasema mbele yenu, sikuwahi hata siku moja kufungua kile kitabu cha nakala kutafuta mnyama alikotoka. Vitabu vilijaa, vikawekwa kwenye kabati, panya wakala. Ndiyo maana watu walikuwa wanaona afadhali kupita porini usiku. Karatasi isiyosomwa na mtu baada ya kuandikwa ni kodi tu, na mfugaji ana akili ya kutosha kuliona hilo.

Kwa hiyo hereni hizi msizitoe. Kutoa hereni rasmi ni kosa, hata kama imemkwaruza sikio au rangi yake huipendi. Kuzipata: unaomba namba ya kundi kwa simu, wanakupa, na kwa anayeanza zimekuwa zikitolewa bure kutoka serikali ya shirikisho, za plastiki. Kumbukumbu zako za nani kaingia na nani katoka unatakiwa kuzitunza miaka mitano. Daftari la shule la dola moja linatosha.

Wale mnaofanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa mmeona hereni za duara zenye chipu. Tangu tarehe 5 Novemba 2024, hereni rasmi mpya za ng'ombe wanaovuka majimbo lazima zisomeke kwa macho na kwa kisomeo cha umeme. Zinawahusu ng'ombe wote wa maziwa, wale wa nyama wasiohasiwa waliofika miezi 18, na wa maonyesho na rodeo, ile michezo ya kupanda mafahali, wa umri wowote. Namba ina tarakimu 15 na inaanza na 840, ambayo ni namba ya Marekani. Ya Tanzania ni 834, ya Kenya 404, ya Burundi 108, ya Kongo 180. Kwa hiyo wale mlioniambia hereni ni kitu cha Wazungu, waulizeni ndugu zenu nyumbani, nako sasa hivi ng'ombe wanavishwa.

Na msidhani Wamarekani walizaliwa wakipenda karatasi. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanaswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Texas hadi Abilene, Kansas, kama Wasukuma wanavyoshuka Rufiji. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima, lakini kila walipopita ng'ombe wa wenyeji walikojoa damu na kufa. Wakulima wa Missouri na Kansas wakasimama barabarani na bunduki. Kansas ikachora mstari mwaka 1867, ng'ombe wa Texas wasiupite. Hakuna aliyejua ni nini mpaka mwaka 1893, watafiti Theobald Smith na Kilborne walipoonyesha kwamba ni kupe ndiye mbebaji. Kupe! Bibi zetu wangewaambia bila darubini.

Kisha homa ya mapafu ya ng'ombe, hiihii tunayoifahamu. Iliingia Brooklyn mwaka 1843 na ng'ombe mmoja aliyeshushwa melini kutoka Uingereza. Ikatambaa miaka 40. Mwaka 1879 Waingereza wakaweka masharti makali kwa ng'ombe hai wa Marekani, soko likayumba. Mwaka 1884 ikafika hapahapa Kentucky, huko Cynthiana, kwa ng'ombe wa Jersey waliouzwa kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka huohuo Bunge likaunda idara ya shirikisho ya mifugo, mkuu wake wa kwanza akiwa Daniel Salmon, ndiye yule ambaye bakteria wa salmonela wamepewa jina lake. Walizuia, walichinja, walilipa fidia, na 1892 wakaimaliza. Kwetu bado ipo.

La karibuni ni la Machi 2024. Mafua ya ndege yalikutwa kwenye ng'ombe wa maziwa Texas na Kansas. Muda si mrefu Michigan nayo, kisha Ohio, jirani zetu hawa. Yameruka vipi kilomita zote hizo? Kwa lori. Mashamba hayo yalikuwa yamepokea ng'ombe kutoka Texas, ambao waliposafiri hawakuonekana wagonjwa. Kufika tarehe 29 Aprili serikali ya shirikisho ikawa imeamuru kwamba ng'ombe anayekamuliwa havuki jimbo mpaka apimwe kwanza. Cheti cha macho hakikutosha tena, kikaongezwa cha maabara. Ndiyo sababu nawaambia kila mara: masharti ya mwaka jana msiyategemee. Mwenzako aliyevusha mbuzi kiangazi kilichopita bila tatizo si sheria.

Sasa malalamiko yenu, maana nimeyasikia mlangoni.

Mama mmoja ameniambia alipiga simu kwa kliniki moja, akaambiwa hawashughuliki na mbuzi, mbwa na paka tu. Nyingine wakampa miadi ya wiki tatu mbele. Ni kweli, madaktari wa mifugo ya shambani ni wachache na wanakimbizana na ng'ombe na farasi. Tufanye hivi: watu watano sita wa eneo moja waite daktari siku moja, mbuzi wote wamefungwa tayari. Gharama ya safari yake mnagawana. Usimwite halafu uanze kukimbizana na beberu malishoni, dakika zake zinahesabika na unalipa wewe.

Mwingine kauliza, nani atanikamata, mbona hakuna kizuizi? Hapa kwetu labda hakuna. Jaribu kuingia Florida na trela la mifugo, kuna vituo vya kilimo barabarani na lazima usimame. Na hata hapa, mnadani ndipo wanapokukamata. Ukifika na majike yasiyo na hereni wanakuvisha kwa gharama yako au wanakurudisha, na kama cheti kinatakiwa na huna, umeendesha saa mbili bure huku mbuzi wanapiga kelele nyuma.

Mzee pale ameinua mkono muda mrefu, nisimchoshe. Anasema: mwanangu, mimi nina mbuzi watatu tu, wa maziwa ya wajukuu, sivuki daraja, hereni za nini? Mzee wangu, wakikaa hapo mpaka wafe, hakuna atakayekusumbua. Lakini Pasaka ulimwahidi mkwe wako wa Clarksville kitoto kimoja jike, nilikuwepo. Clarksville ni Tennessee.

Mnacheka. Basi tuanze na mzee. Kijana, mletee kiti hapa mezani, na simu yenye chaji. Ofisi inafunga saa kumi na nusu, bado tuna dakika 40 za kumwombea namba ya kundi.